Kasisi wa Mbao Kule Abu Hamour

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na wala sikuwa nimelala. Hilo la kulala nalitaja mapema kwa sababu najua utalifikiria. Na yalinipata mchana. Nimesikia visa vingi vya mizimu, na karibu vyote hutokea gizani, msimuliaji akiwa anatoka kilabuni na miguu haimtii. Visa vya namna hiyo nimevicheka tangu utotoni. Mzimu wangu alikuja saa saba na nusu mchana, Ijumaa moja ya Agosti, katika jiji la Doha, saa ambayo hata paka wamejificha chini ya magari na mtu mwenye akili zake hatembei kwa miguu. Niambie, mzimu gani huja saa hiyo?

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye kompaundi yenye nyumba sita, mtaa wa Abu Hamour. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari karibu na Voi, na sikumruhusu mtu yeyote pale Doha asahau hilo. Nilikaa kibandani na sare yangu, daftari la wageni na dharau. Niliwadharau walinzi wenzangu kwa jinsi walivyoandika majina ya watu. Niliwadharau madereva kwa kucheka kwa sauti. Na zaidi ya wote nilimdharau Bwana Roland wa nyumba namba nne.

Roland alikuwa Mzungu mwembamba, mshauri wa majengo kule Lusail, na alikusanya vinyago vya kale vya Kijapani. Usidhani ni vinyago vikubwa. Vilikuwa vidogo, kingine kama kidole gumba, kingine kama ndimu, vya mti mgumu wenye rangi ya asali, na kila kimoja kilikuwa na matundu mawili nyuma. Zamani nguo za Wajapani hazikuwa na mifuko, kwa hiyo mtu alining'iniza kikasha chake cha tumbaku au dawa mshipini kwa kamba, na kinyago kikaizuia kamba isichomoke. Hicho kitu cha kuzuia kamba ndicho Roland alichokiwekea makabati ya vioo na taa.

Kila alipokuwa na wageni niliitwa kubeba viti, nami nikasimama ukutani nikisikiliza hotuba yake. Panya juu ya gunia la mchele ni ishara ya neema. Mtu wa miguu mirefu aliyembeba mtu wa mikono mirefu ni ishara ya kusaidiana, maana mmoja huingia baharini na mwingine hukamata samaki. Chura aliyekaa juu ya ndara ni ishara ya msafiri kurudi salama, kwa kuwa kwa Kijapani neno la chura na neno la kurudi hutamkwa sawasawa. Hapo wageni walisema "Ooo!" na Roland akavimba kama yeye ndiye aliyemchonga huyo chura. Kisha alifika kwenye kipenzi chake: kasisi mzee wa mbao, ameegemea fimbo, kofia imemfunika kichwa, uso umejaa huruma. "Huyu," alisema, "ni ishara ya utakatifu." Basi. Hakuwahi kumgeuza amtazame nyuma. Mtu anamiliki kitu miaka mingi na hajakigeuza! Ningekuwa na mwanafunzi wa aina hiyo ningemrudisha nyumbani.

Aliyevigeuza alikuwa Perpetua, mama wa Bungoma aliyefanya kazi za nyumba kwa Roland. Yeye ndiye aliyevifuta vumbi, na ndiye aliyejaza vijikombe vya maji ndani ya makabati, maana kiyoyozi hukausha hewa na mbao za zamani zikapasuka. Alimpenda yule chura. Kila mwaka alipokaribia kwenda likizo alikuwa akimnong'oneza. Mkristo wa kulia machozi kanisani, ananong'ona na chura! Nilimwambia hivyo. Akacheka tu.

Sasa nikuambie kwa nini nilimchukia Perpetua, na unisamehe, maana sababu yenyewe ni ndogo. Alinihurumia. Aliniletea chakula getini bila kuombwa. Siku moja alisimama mlangoni pa kibanda changu, akafumba macho na kuomba kwa sauti, "Bwana, mwondolee kaka yangu kiburi, maana kinamla." Madereva wawili walikuwa wakisikia. Wiki hiyo hiyo msimamizi wangu alikuja ghafla akanikuta nimesinzia, nikapewa barua ya onyo. Nikaamua ni Perpetua aliyemwita. Baadaye sana nilijua hakuwa yeye, lakini wakati ule sikuhitaji ushahidi.

Siku chache kabla ya Perpetua kwenda likizo, kasisi wa mbao akapotea. Roland aligeuza nyumba juu chini. Alipiga kelele mpaka nyumba namba sita wakatoka nje. Na kwa kuwa, mbali na Roland, Perpetua peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wa makabati, macho yote yakamgeukia. Alilia, akaapa, akafungua hata mto wake waukague. Hawakupata kitu.

Alhamisi mtu wa dobi akaleta nguo za Roland getini, akanikabidhi na bahasha. "Kilikuwa mfukoni mwa koti," akasema. Nikaifungua. Kasisi. Yule mpumbavu alikuwa amemtia mfukoni akamwonyeshe mtu karamuni, akamsahau humo, akapeleka koti kufuliwa.

Nilipaswa kutembea hatua arobaini tu mpaka nyumba namba nne. Sikutembea. Nilimshika yule kasisi kiganjani, nikamgeuza, na kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho Perpetua bila shaka alikiona zamani. Chini ya pindo la kanzu, nyuma, ulichungulia mkia. Mkia mnene wa mnyama, umechongwa unywele kwa unywele. Sikujua maana yake. Niliona ni mzaha wa fundi, nikamtia mfukoni mwangu.

Jioni hiyo Perpetua alileta sanduku lake kibandani, kwa sababu Roland hakupenda mizigo ikae kwenye korido yake. Zipu ilikuwa imeharibika, akalifunga kwa leso. "Niwekee, Mwalimu. Teksi inakuja kesho saa kumi na moja jioni." Hati yake ya kuruhusiwa kutoka nchini ilikuwa tayari. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kila siku alitusomea ujumbe kutoka Bungoma.

Umeshaelewa nilichofanya. Alipoondoka nilifungua ile leso, nikamsokomeza kasisi katikati ya nguo, nikafunga upya. Sheria ya kompaundi ilikuwa mlinzi apekue mizigo ya wafanyakazi wanaosafiri. Kesho yake ningempekua mbele ya Roland. Nilijua kinachompata mfanyakazi wa ndani akikutwa na mali ya mwajiri. Nilijua, na usiku huo nililala vizuri.

Ijumaa kompaundi ilikuwa kimya. Waliokwenda msikitini walikwenda, waliokwenda hotelini kula walikwenda. Saa saba Perpetua alikuja na kifurushi cha foili. "Kuku wa kukaanga, Mwalimu. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho kukulisha, mpaka nikirudi." Akakiweka mezani, akaenda kumaliza kupiga deki. Sikumshukuru.

Nusu saa baadaye nikaona mtu anakuja barabarani kwa miguu.

Niamini, barabara ile ni nyoofu na ndefu, na kwenye jua lile mtu akiwa mbali huonekana anayeyuka. Huyu hakuyeyuka. Alikuwa amevaa kanzu nyeusi ya kasisi mpaka kifundoni, ameshika fimbo, amevaa kofia. Alipofika getini sikuona tone la jasho usoni mwake. Akainua kichwa.

Alikuwa Mjomba Eliakimu.

Ngoja nikueleze ni nani. Mjomba Eliakimu, kaka wa mama yangu, alikuwa kasisi kule milimani Taita. Baba yangu alipotukimbia, yeye ndiye aliyenilea. Katika watu wote niliowahi kuwajua, yeye peke yake sikumdharau. Alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya siku hiyo, nami nikiwa Doha, nikanyimwa ruhusa, sikumzika. Unadhani nilikimbia? Nilisimama nikafungua geti, kama nilivyofungua mlango wake kila jioni nilipokuwa mtoto.

"Umekonda," akasema.

"Mjomba?"

"Kwani umesahau?" Akaniita kwa jina la utotoni, ambalo sitakutajia. Kisha akaingia kibandani na kukaa kwenye kiti changu, kanzu ameikusanya chini yake kwa uangalifu. Nilimpa maji. Alilowesha midomo tu, akaweka kikombe.

"Nimekuja kwa sababu ya ulichotega," akasema.

"Sijatega kitu, Mjomba."

"Ulipokuwa darasa la tano ulichimba shimo shambani kwa Mama Mkamburi ili umnase mbwa wake, kwa sababu alikubwekea mbele ya wenzako. Mbwa akavunjika mguu. Ukaniambia si wewe. Nilijua ni wewe, nikanyamaza. Nimejuta kunyamaza kwangu."

Mbali na sisi wawili, hakuna binadamu aliyejua nani alichimba lile shimo. Hakuna.

"Huyu mama amekukosea nini?"

"Anajifanya mtakatifu, Mjomba. Ananiombea mbele za watu kama mimi ni mlevi wa sokoni."

"Na kwa hilo afungwe, na mama yake afe akimsubiri?"

Nikalitazama sanduku.

"Fungua sanduku," akasema. "Mtoe. Mwanangu, mtego hauchagui unayemnasa. Mimi nakuambia kwa sababu naijua mitego."

Alisema kwa sauti ile ile ya upole aliyoitumia kunifundisha kusoma, nami nikaanza kulia. Mtu mzima, na sare, nalia. Nilipiga magoti, nikafungua leso, nikamtoa kasisi wa mbao. Nikaahidi kwamba Roland akirudi nitamkabidhi na kusema ukweli wote. Mjomba akaniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mwepesi na wa moto. Akainuka aondoke.

Na hapo ndipo angeenda zake, nami ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini alipopita mezani alisimama. Pua yake ilicheza. Aliangalia kile kifurushi, akaangalia mlango, akarudi kuangalia kifurushi. Akapiga hatua moja kutoka, akarudi. Mjomba wangu aliugua tumbo miaka mingi, na katika miaka yake ya mwisho hakugusa nyama hata kwenye harusi. Nikasema, "Mjomba, si wewe huli nyama?"

Hakunisikia. Aliinama akatia uso wake ndani ya foili bila kutumia mikono. Alitafuna nyama na mifupa pamoja, kruu, kruu, mabega yanatikisika, mafuta yanamtiririka kidevuni, na kutoka kooni mwake ilitoka sauti nyembamba ya mnyama mwenye njaa. Kanzu ilipanda nyuma. Nikauona mkia. Mnene, mwekundu kama kutu, unapiga huku na huku.

Sasa sikiliza vizuri, maana watu hudhani sehemu mbaya ya kisa hiki ni mkia. Siyo. Sehemu mbaya ni kwamba nilicheka.

Sikuweza kujizuia. Hofu iliniisha mara moja na dharau ikarudi mahali pake. Hili ndilo lililonifanya nilie? Hili linalolamba foili ndilo lililokuja kunihubiria? Nilicheka kile kicheko changu cha darasani, cha kumvunja mwanafunzi aliyekosea ubaoni. Akainua uso. Ulikuwa bado ni uso wa Mjomba Eliakimu, wenye makunyanzi yake yote na alama yake ya ndui, umepakaa mafuta, na macho yake yalikuwa na aibu ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe chochote. Alipita mlangoni ameinama, akatoka getini. Nilipochungulia, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, nyeupe kwa jua.

Nikajiambia, kama mhubiri mwenyewe ameshindwa na paja la kuku, mahubiri yake yana uzito gani? Nikamrudisha kasisi wa mbao ndani ya sanduku. Nikafunga leso kwa mafundo mawili. Hilo ndilo nililofanya, nami silipambi.

Saa kumi na moja teksi ikaja. Roland alikuwa amerudi na uso mwekundu wa kula na kunywa. Nikajikohoza nikasema ni lazima tupekue mzigo, ni taratibu. "Pekua, Mwalimu," Perpetua akasema. "Sina cha kuficha." Nikafungua mafundo yangu mwenyewe. Nikatoa nguo moja moja: vitenge, sabuni, viatu vya mama yake, dawa. Nilipofika chini kabisa mkono wangu ukagusa kitu kigumu kilichofungwa kwenye kilemba. Nikakitoa juu ili Roland aone vizuri.

Ulikuwa mfupa wa paja la kuku. Umetafunwa.

Nilipekua tena. Nilikung'uta kila nguo. Roland alinitazama kama mtu anayetazama tumbili, akaingia ndani kuleta simu yake, na mara tukamsikia anapiga ukelele. Kasisi alikuwa kabatini, mahali pake, ndani ya kioo kilichofungwa kwa ufunguo. Roland alitoka anacheka, akasema labda alikuwa nyuma ya kijikombe cha maji wakati wote. Kumwomba Perpetua msamaha hakukumpitia akilini. Akarudi ndani kwenye kiyoyozi chake.

Perpetua hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameshika mfupa.

"Huyu ni kuku wangu," akasema polepole. "Kuku niliyekupikia mchana huu."

"Perpetua, nisikilize..."

"Nakupa chakula, nawe unachukua mifupa unanitilia kwenye sanduku? Na mama yangu ni mgonjwa? Kumbe ni wewe unayemroga. Kumbe ndiyo sababu hutabasamu."

Fikiria. Mimi, mwalimu wa jiografia, niliyecheka kila aliyeniambia habari za majini na wachawi! Aliutupa mfupa jangwani ng'ambo ya barabara, akakemea kwa jina la Yesu, akapanda teksi. Kabla ndege haijaruka habari zilikuwa zimefika kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Wakenya wa Doha, kutoka Al Wakrah mpaka Lusail. Mlinzi wa Abu Hamour ni mchawi, huwawekea akina mama mifupa. Tangu siku hiyo hakuna Mkenya aliyekula nami. Na ningejitetea kwa kusema nini? Kwamba mfupa haukuwa wangu kwa sababu kuku aliliwa na mjomba wangu aliyekufa? Perpetua alimkuta mama yake hai, walikaa pamoja wiki tatu. Hilo nalifurahia sasa. Wakati ule sikulifurahia.

Miezi michache baadaye Roland alialika wageni tena, na mmoja wao alikuwa mhandisi Mjapani, mtu mzima mpole. Alipokuwa akisubiri gari lake getini nilimuuliza kuhusu kasisi mwenye mkia. Alishangaa kwamba mimi nimeuona, kwa maana mwenyeji wake hakuwa ameuona. "Huyo si kasisi," aliniambia. "Ni mbweha. Kuna hadithi ya zamani. Mwindaji alikuwa akitega mbweha mpaka wakaisha. Mbweha mzee wa mwisho akajigeuza binadamu, akaenda kumsihi aache kutega. Mwindaji akakubali. Lakini njiani mbweha akaona chambo, nyama ya kukaanga, akashindwa kujizuia."

"Alijigeuza nani?" nikauliza.

"Mjomba wa mwindaji," akasema. "Aliyekuwa kasisi."

Gari lake likaja. Niliandika kuondoka kwake daftarini, na mwandiko wangu haukusomeka.

Niliacha kazi mkataba ulipoisha, nikarudi nyumbani. Naishi na mama yangu. Sebuleni kuna picha ya Mjomba Eliakimu, amevaa kanzu yake, ametulia, kama alivyokuwa. Siwezi kuitazama. Kila nikijaribu kumkumbuka akinifundisha kusoma, akinifunika blanketi, uso unaokuja ni ule wenye mafuta kidevuni, na macho yale. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye sikuwahi kumcheka, naye pia nikamcheka. Sijui aliyekuja alikuwa nani. Huenda alikuwa mbweha mtupu. Lakini kuna siku nafikiri mbweha asingeweza kulijua lile shimo bila kuambiwa, na aliyemwambia ni Mjomba mwenyewe, aliyekosa njia nyingine ya kunifikia. Hapo huwa natoka nje.

Mwaka jana kanisa lilifanya ibada ya kumkumbuka, na mama akaniomba nisome somo. Nikakataa. Akaniuliza alichonikosea ndugu yake hata nikageuza picha yake ukutani. Anaamini nilimchukia, naye atazikwa akiamini hivyo.

Basi wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, huku moyoni ukinidharau, na unayo haki, chukua hili moja. Akikujia mtu akakuambia uache ubaya unaoutenda, uache siku hiyo hiyo. Usimzunguke nyuma kukagua kama ana mkia.